Simba Mwenye Pua

Fedha za mabati zilikuwa tayari. Mume wangu alizitoa benki mwenyewe, tukazifunga kwenye kipande cha kanga na kuzificha katika droo ya cherehani yangu, tukimsubiri fundi amalize nyumba ya Chumbageni aje kwetu Ngamiani kabla masika hayajaanza. Bati la upande wa jikoni lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari hata mbingu ikawa inaonekana, na mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetulazimisha kupika ukumbini. Safari hii tuliapa kwamba haitatukuta.

Niliporudi kutoka soko la Mgandini asubuhi moja nilikuta mgeni amekaa barazani na mume wangu. Kati yao palikuwa na sanduku la bati limefunguliwa, na ndani yake vitu vidogo vidogo vimelazwa juu ya pamba. Mume wangu alikuwa amekiweka kimoja kiganjani, anakigeuzageuza taratibu. Nilimsalimia mgeni, nikapita ndani, nikavuta droo. Kipande cha kanga kilikuwapo, kimekunjwa vizuri, hakina kitu.

Ili mtu aelewe, inabidi kwanza amjue mume wangu. Ni mstaafu wa bandari, mtu wa vitabu, na mtoto wa askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Baba yake alikwenda na Waingereza mpaka Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akarudi, akaendelea na jeshi miaka kadhaa. Alipofariki hakuacha kitu cha kushika. Kofia iliharibiwa na mende, mkanda ulikatwa ukawa wa kufungia mizigo, na nishani zilipotea katika kuhamahama. Mume wangu alikua na pengo hilo. Alipopata mafao yake alinunua kabati dogo la vioo, akaanza kukusanya alichoweza: beji ya kofia, kifungo, herufi za bega. Hakuna siku niliyomwona anafanya hivyo kwa ajili ya fedha.

Na Tanga inampa mtu wa namna hiyo sababu. Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika hapa zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashuka upande wa Raskazone. Waliokuja kuwakabili walikuwa kama 1,000 tu, askari wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika, na sehemu kubwa yao waliletwa kwa treni ya kutoka Moshi. Wakapigana mashambani na mitaani. Nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawatawanya watu kwa mamia. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa vifo na majeraha, na nyuma yao wameacha bombomu, mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Kwa hiyo ardhi yetu kweli imemeza vitu, na mtu akikuambia ameokota beji akichimba shimo la mnazi, huwezi kumwita mwongo papo hapo. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi.

Yule mgeni alisema hivyo hivyo. Shamba la mjomba wake liko nyuma ya Raskazone, alipokuwa anachimba msingi wa choo akagonga kasha lililooza, na ndani yake kulikuwa na vitu 14. Beji 5 za kofia za kikosi cha Loyal North Lancashire, ambacho ndicho kilichokuwa kikosi cha Waingereza wenyewe katika vita vile. Beji hiyo ina simba amesimama juu ya taji, na chini yake ua la waridi. Kulikuwa na herufi 4 za bega za KAR, vifungo 2, medali moja ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918, Msalaba wa Chuma wa Wajerumani, na beji moja yenye tembo. Vyote vilikuwa vya kijani na udongo umekauka kwenye mikunjo. Bei ilikuwa laki nane na nusu. Mume wangu alilipa taslimu na mgeni akaondoka kabla ya adhuhuri.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu, "Baba Zuhura, na fundi wa bati tumwambieje?" Akanijibu kwamba vitu vile thamani yake ni mara tatu ya tulichotoa, na kwamba akiuza kimoja tu kwa mtu anayejua, paa zima litapatikana. Aliniomba nivumilie mpaka Iddi.

Masika hayakungoja Iddi. Mvua ilianza usiku, na ilipopambazuka maji yalikuwa yamepita jikoni yakaingia ukumbini, yakawa yanadondoka juu ya kabati la vioo. Mume wangu alikuwa ameamkia bandarini kufuatilia karatasi zake. Mimi na binti yetu tukahamisha unga, mchele, vitambaa vya wateja na cherehani. Mama mkwe, aliyekwisha kupita miaka 80 na ambaye anaishi nasi, akajitwika jukumu la kabati. Alivitoa vile vitu kimoja kimoja akaviweka kwenye sinia, akavipeleka uani penye ukavu.

Pale uani palikuwa na bakuli lake la ukwaju na jivu la mkaa. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na yeye kila mwaka siku kama hizo husugua sinia kubwa la shaba, buli na mrashi wa marehemu mama yake. Alipomaliza mrashi hakuona sababu ya kuiacha shaba nyingine ikiwa chafu. Nilipotoka na ndoo nilimkuta amejikunja kwenye kigoda, tambara mkononi, na beji za vita vya 1914 zimepangwa mbele yake zinang'aa.

Watu wasiokusanya vitu vya kale hawajui uzito wa jambo lile. Shaba iliyokaa miaka 100 inavaa rangi yake yenyewe, kahawia iliyokolea au kijani kigumu kilichoshikana na metali, na rangi hiyo ndiyo cheti cha umri wake. Ukiiondoa hairudi. Mnunuzi anayejua akiona beji ya kale inang'aa anapunguza bei au anaiacha kabisa. Mume wangu alikuwa ametufundisha sote, hata mtoto wa jirani, kwamba kabati lile haliguswi kwa maji wala kwa dawa ya kusugulia.

Alirudi saa saba, nguo zimelowa. Akaona sinia. Akavua viatu, akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, na kwa muda mrefu hakusema neno. Mtu hawezi kumfokea mama yake mzazi, na mume wangu si wa kufanya hivyo. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Mama, hivi ndivyo vilivyokuwa paa letu."

Mama mkwe hakutetereka. Aliokota beji moja ya simba, akaifuta na upindo wa kanga yake, akamsogezea.

"Mwanangu, huyu simba ana pua."

Mume wangu hakuelewa, na mimi pia sikuelewa. Ndipo bibi yule akaanza kueleza jambo ambalo katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kulisikia. Alipoolewa alimfuata mumewe Dar es Salaam, kambi ya Colito, iliyopewa jina la mahali KAR walipopigana Ethiopia mwaka 1941 na ambayo leo ndiyo Lugalo. Wake wa askari waliishi kambini na waume zao. Kila usiku wa kuamkia gwaride kubwa, kazi ya shaba ilikuwa ya nyumba nzima: vifungo vya koti, bamba la mkanda, herufi za bega, beji. Mume anasugua, mke anasugua, na asubuhi ofisa anapita mstarini akitafuta doa. Herufi za bega zikitoka stoo zilikuwa na kingo kali za kukwaruza ngozi. Baada ya miaka michache ya tambara na dawa zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika, na herufi R ya mumewe ilikaribia kufutika mguu.

"Tambara linapita juu," alisema, akionyesha kwa kidole gumba. "Halifiki shimoni. Kilichoinuka ndicho kinacholika. Simba wa askari anaanza kupoteza pua, halafu nyusi, halafu ukucha. Mabonde yanabaki na weusi wake. Sasa mtazame huyu wako. Pua anayo, kali. Lakini huku ndani ya mikunjo ya ua, mahali tambara halifiki, pamechubuka sawasawa na juu. Huyu hakusuguliwa na mtu. Huyu amelowekwa kwenye kitu."

Sijawahi kusikia maelezo ya kitaalamu yaliyo wazi kuliko yale. Baadaye mume wangu alikuta kanuni hiyo hiyo katika vitabu vya wakusanyaji: uchakavu wa kweli unafuata mkono wa mtumiaji, na uchakavu wa kutengeneza, wa tindikali au wa pipa la kuzungusha na mchanga, unakula kila mahali kwa kiasi kile kile. Mama mkwe akaongeza jingine. Rangi ya kijani ya vile vitu ilitoka mara moja kwa ukwaju, bila nguvu. Ile ya kwenye mrashi, ambayo ni ya mwaka mmoja tu, ilimtoa jasho.

Usiku ule umeme ulikuwapo, mvua imetulia. Niliondoa vitambaa mezani nikaweka taa karibu. Mimi ni mshonaji, na meza ya mshonaji ina vyombo vingi kuliko watu wanavyodhani: futikamba na rula ya chuma, kioo cha kukuzia cha kutungia uzi, na sumaku ya kuokotea pini. Binti yetu akaleta chupa yake ya kufutia rangi ya kucha. Tukavipitia vyote 14.

Tulianza na sumaku kwa sababu haihitaji maarifa. Shaba haishikwi na sumaku, ya manjano wala nyekundu. Herufi moja ya bega ya KAR iliruka yenyewe kutoka mezani ikanata, maana yake ndani ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Tukageukia Msalaba wa Chuma, na hapo tulitaka jibu la kinyume. Msalaba halisi umeundwa kwa vipande vitatu: moyo wa chuma uliopakwa weusi, na fremu mbili za fedha zilizoushika mbele na nyuma zikaunganishwa pembeni kwa lehemu. Sumaku inapaswa kuushika moyo ule. Tuliisogeza, tukaisogeza tena, msalaba haukutikisika. Kwenye kioo hapakuwa na alama ya kiungo chochote pembeni. Ulikuwa kitu kimoja kilichomiminwa.

Medali ya fedha tuliipima. Ile ambayo Waingereza waliwapa waliopigana kati ya 1914 na 1920 ina upana wa milimita 36, na kwenye ukingo wake imepigwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Hii yetu ilipungua kidogo kwenye rula, na ukingo wake ulikuwa mtupu. Inawezekana ukingo mtupu ukawa wa medali halisi iliyokwanguliwa jina ili iuzwe upya, na hilo nalo ni uharibifu mkubwa. Lakini herufi za usoni zilikuwa zimevimba na kulegea, na upungufu ule una maelezo yake. Anayeghushi huchukua kitu halisi, anakigandamiza kwenye udongo au mpira kupata kalibu, halafu anamimina metali ya moto. Metali ikipoa hunywea, hivyo mtoto hutoka mdogo kuliko mama yake. Milimita moja si kitu kwa macho. Kwa rula ni ushahidi.

Beji za simba ndizo zilizotuchukua usiku. Beji halisi ya kikosi cha Uingereza haikumiminwa. Bati la shaba liliwekwa kati ya kalibu mbili za chuma kigumu, likapigwa kwa kishindo cha mashine, na kwa sababu hiyo mgongo wa beji unaonyesha umbo la mbele kwa kinyume: pua ya simba mbele ni shimo dogo nyuma. Nafasi za wazi kati ya simba na ua zilikatwa kwa kisu cha mashine, kingo safi. Nyuma kunalehemiwa ulimi mrefu wa kuchomeka kwenye kofia, au katika beji nyingine vipete viwili. Ukigeuza beji ya kusubu utaona mgongo bapa au wenye mawimbi, vijitundu vya hewa iliyonaswa metali ilipoganda, na alama za tupa pale mtu alipojaribu kusafisha nafasi zilizojaa. Beji zetu 3 zilikuwa na vijitundu hivyo kama ngozi yenye vipele.

Halafu binti yetu, ambaye macho yake ni mapya kuliko yetu, akasema, "Baba, hawa wote wamekatwa mahali pamoja." Tukazipanga. Kwenye paja la kulia la simba kulikuwa na mkwaruzo mfupi wa mshazari, na ulikuwapo kwenye beji zote 3, urefu ule ule, pembe ile ile. Askari watatu wa 1914 hawawezi kujikwaruza sawasawa hivyo. Mkwaruzo ulikuwa wa ile beji mama, na kalibu iliunakili kwa uaminifu kila ilipotumiwa. Hapo mume wangu alifunika uso kwa viganja.

Ya 4 ilikuwa ya kupigwa kwa mashine, mgongo wake mzuri, nikaanza kupata matumaini. Lakini utepe wake ulisomeka The Loyal Regiment. Jina hilo kikosi kilipewa mwaka 1921. Aliyekufa Tanga miaka 7 kabla ya hapo hakuweza kulivaa. Ya 5 ilikuwa na bamba dogo mgongoni lenye jina la J. R. Gaunt, watengenezaji mashuhuri wa beji wa Birmingham, limeandikwa kwa ukali wa kitu kilichotoka kiwandani jana. Waghushi wanalipenda sana jina hilo kwa sababu mnunuzi akiliona anatulia. Pia zipo beji zilizopigwa upya miaka mingi baada ya vita kwa kalibu zile zile za zamani, na hizo ni ngumu kuliko zote kuzitambua, maana umbo ni la kweli ila kitu si cha wakati wake. Kwa ya 5 tulitumia dawa ya kucha. Pamba iliyolowa asetoni ilipita kwenye mabonde machache ambayo ukwaju haukuyafikia, ikatoka ya kahawia mithili ya chai. Ilikuwa vanishi. Rangi ya umri haiyeyuki kwa dawa ya kucha.

Tembo hakuhitaji kipimo. Beji hiyo ilianzishwa Ujerumani miaka ya 1920 kwa ajili ya watu waliotumika makoloni, vita ikiwa imekwisha na Tanga ikiwa mikononi mwa Waingereza. Kasha lililofukiwa 1914 haliwezi kuwa nayo, iwe halisi au bandia.

Herufi 3 za KAR zilizobaki zilianguka kwa kipimo cha mama mkwe: kingo kali, mabonde yaliyochubuka. Vilibaki vifungo 2, na hivyo nilivichukua mimi kwa sababu kifungo ni kazi yangu. Nyuma ya kifungo kuna kijipete kinachopita uzi au waya. Koti likivaliwa miaka, uzi unavuta upande mmoja, na kijipete kinalika ndani kikawa na umbo la yai. Vijipete vya vifungo hivi vilikuwa vimelika hasa, kila kimoja kwa namna yake. Vilivaliwa na mtu. Vifungo kama hivyo huuzwa kwa bei ya mkate au zaidi kidogo.

Asubuhi mume wangu alimwendea yule mwuzaji. Alimkuta, akasikilizwa, akaambiwa kwamba mwuzaji naye alivinunua kwa mtu wa njiani na kwamba biashara ya vitu vya kale haina kurudisha. Shamba la mjomba halikutajwa tena. Tukaliacha hapo.

Kilichofuata ndicho kilichotuumiza zaidi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kutupa pole, akavitazama vile vitu kwenye sinia, akasema hasara si lazima iwe yetu. "Kaka, wageni wanashuka kila wiki kutazama makaburi ya vita. Hawa hawajui pua wala kijipete. Wauzie, mabati yarudi, nani ataumia?" Akanigeukia mimi. "Shemeji, mwambie huyu. Wewe ndiye unayelowa."

Nilikuwa ninalowa kweli. Sufuria 4 zilikuwa zimetegwa ukumbini wakati anasema. Hata hivyo sikuweza kumuunga mkono. Mgeni anayesafiri mpaka Tanga kwa ajili ya makaburi anamfuata mtu wake, na akiondoka na kipande cha metali kilichomiminwa mwaka jana ataenda kukiweka karibu na picha ya babu wa babu yake na kuwaambia watoto kwamba hiki kilikuwa kifuani pake. Uongo huo utarithiwa. Mume wangu alisema hivyo hivyo kwa maneno machache, tena akasema kwamba yeye mwenyewe ndivyo alivyofanyiwa kwa jina la baba yake, na hamfanyii mwingine.

Shemeji alinyamaza. Siku mbili baadaye Msalaba wa Chuma haukuwapo kwenye sinia. Alikuwa amemuuzia mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyefikia hoteli ya ufukweni, kwa dola, na kwa sehemu ya dola hizo alikwisha kulipia ada ya mtoto. Hapo kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimsikia mume wangu akimpandishia sauti ndugu yake. Mama mkwe aliamuru wote wawili wakae chini, akauliza kiasi gani kimebaki, akauliza kiasi gani kinapungua. Pengo nililijaza mimi kwa fedha ambazo wazazi walikwisha kunitangulizia kwa sare za shule.

Tulikwenda hotelini wote watatu kwa bajaji, mvua inanyesha. Mume wangu alieleza kwa Kiingereza chake cha bandarini, akatoa sumaku yangu mfukoni, akamwonyesha mgeni kwamba msalaba haushikwi. Mgeni aliijaribu mwenyewe mara kadhaa. Akatutazama mmoja mmoja, akarudisha msalaba, akahesabu fedha zake, akafunga mlango. Shemeji alisimama nje ya mlango ule muda mrefu kuliko sisi. Tangu siku ile hajasema tena kwamba hakuna anayeumia.

Paa tuliezeka mwezi wa Agosti, kwa sare za shule na kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, na shemeji alileta misumari na mbao mbili.

Vitu vya bandia mume wangu hakuvitupa, kwa sababu kilichotupwa jalalani huokotwa na kuuzwa tena. Alivichora vyote 12 mgongoni kwa ncha ya msumari, neno BANDIA, kwa kina cha kutofutika. Sasa anavitumia kufundishia. Vijana wa shule wakija, anawapa kwanza beji ya kusubu na beji nzuri aliyoipata zamani, anawaambia wafumbe macho na wapitishe kidole mgongoni. Wengi wanapatia kabla hawajafumbua.

Kwako wewe msomaji ambaye nyumbani mwenu, ndani ya kasha au chini ya kitanda cha bibi, kumelala beji au nishani ya mzee wenu aliyekuwa KAR: usiisugue, usiipake kitu, na usimpe mtu anayekuambia ataipeleka mjini kuipima. Igeuze nyuma, uipige picha pande zote mbili. Ikiwa ni ya vita vya 1914, soma ukingo wake kwa kioo, kwani huenda jina lake limepigwa pale. Zile za Vita vya Pili, kama Nyota ya Burma, Waingereza walizitoa bila jina, na zetu nyingi zilikuja hivyo hivyo. Jina ni lazima uliandike wewe: jina lake, kikosi, namba ikiwa inakumbukwa, alikokwenda na aliporudi. Keti na mkubwa aliyebaki, mwulize, uandike leo akiwa hai, na karatasi hiyo uifunge pamoja na nishani.